Kwanza Tusifungwe

Kocha hakufukuzwa. Naliweka neno hili mwanzoni, kabla ya sifa na kabla ya lawama, kwa sababu katika karamu ya mwaka ya klabu yetu mwenyekiti wa sasa alisimama mbele ya sahani zetu za wali, kipaza sauti mkononi, akasema kwamba "tulipomwondoa yule mzee kwa kura ya wanachama, timu ilianza kupumua." Watu walipiga makofi. Waliokuwepo siku ya hiyo inayoitwa kura walipiga makofi pia, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nilifanya kazi katika ofisi za serikali maisha yangu yote, kwanza Tanga, kisha Dar es Salaam, na mwishowe hapa Toronto katika idara ya vibali. Na katika miaka yote ambayo Kocha alitufundisha, mimi ndiye niliyekuwa katibu wa klabu. Jambo ambalo halikutokea haliwi kweli kwa kuwa tu limesemwa kwenye kipaza sauti.

Hata hivyo sikukaa kuandika ili kubishana na mwenyekiti peke yake. Nimekaa kwa sababu vijana wanaojiunga na klabu sasa watamjua Kocha kama mzee mwoga aliyeondolewa. Mwoga hakuwa. Mwangalifu kupita kiasi alikuwa, na hilo nitalieleza bila kumpunguzia hata kidogo.

Mchezo wetu ni mpira wa magongo, ule unaochezwa juu ya nyasi, si ule wa barafuni ambao mji huu unauishi kama dini. Tuliuleta kutoka kwetu. Sisi ni Wagoa wa Nairobi, Kampala na Tanga; wazazi wetu walicheza Jumamosi na kwenda misa Jumapili, wengine wakipiga magoti kwa shida kwa sababu ya mambo ya Jumamosi. Hapa Toronto tuliendelea vilevile, na baadaye timu ikapata vijana wasio Wagoa: Waismailia wa Don Mills, Wakenya, na Wakongo wa mtaani kwangu Mount Dennis. Kwa muda mrefu kocha wetu alikuwa yeyote mwenye filimbi na nafasi. Tulipopanda daraja la kwanza, klabu ikaamua kumwajiri kocha wa kulipwa, mtu aliyekwisha kuifanya kazi hiyo katika nchi nyingine kabla ya kuja huku. Malipo yenyewe yalikuwa madogo kiasi cha kuona haya, lakini yaliwageuza mashabiki wetu. Zamani walikuwa maanko na maanti waliokuja kutazama watoto. Sasa wakawa waajiri.

Kocha alikuwa mtu mfupi, mpana wa mabega, aliyevaa sweta ya sufu hata mwezi wa Julai. Alifika uwanjani kabla ya kila mtu, akatembea kando ya mistari akiigusa kwa ncha ya kiatu kama fundi anayekagua kitambaa cha mteja mkorofi. Viatu vyake vilikuwa vimepigwa rangi daima. Hakupiga kelele ovyo. Alikuwa na neno moja alilolitumia kwa karibu kila jambo: "Kwanza tusifungwe, mengine tutazungumza." Alilisema kabla ya mechi. Alilisema binti yake alipotaka kununua nyumba. Padri wetu alipomwomba ushauri kuhusu paa la kanisa lililovuja, Kocha alilitazama paa, akamtazama padri, akasema, "Kwanza tusifungwe, Baba," na padri, ambaye hakuwa mtu wa michezo, akaita fundi siku hiyohiyo.

Uwanjani maana ya neno hilo ilikuwa hivi. Tulipokuwa na mpira, nusu ya wachezaji wetu walibaki nyuma kujikinga na uwezekano wa kuupoteza. Tulipokuwa hatuna mpira, wote walibaki nyuma. Tukipata bao moja, Kocha aliwarudisha hata wale waliolifunga, na sehemu yote iliyobaki ya mechi ikawa kazi ya kuokoa na kuokoa tena, huku mashabiki wakitafuna kola za makoti yao.

Mkubwa wa walalamikaji alikuwa wakala wa bima, mtu mwenye sauti na moyo mwema, ambaye sasa ndiye mwenyekiti niliyemtaja. Nitamwita Wakala, kwa kuwa wakati ule hakuwa na cheo kingine. Kazi yake ilikuwa kuwauzia watu kinga ya moto, mafuriko na wizi, na bado hakuna aliyechukia tahadhari uwanjani kama yeye. Alikaa safu ya mbele, nyuma tu ya benchi.

"Kocha!" angeita. "Wale wenzetu nao wana lango, umelisahau?"

"Sijalisahau," Kocha angejibu bila kugeuka. "Liko palepale. Halitembei."

"Basi tupeleke tukalitazame angalau!"

Jukwaa lote lingecheka, na Kocha naye mabega yake yangetikisika kidogo ndani ya sweta. Katika miaka ile ya mwanzo malalamiko yalikuwa ya namna hiyo, ya watu wanaopendana.

Kulikuwa na jambo la lugha. Watoto wetu waliozaliwa huku wanaelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, na Kocha aliona faida ndani ya hasara hiyo: alitoa amri zake zote kwa Kiswahili ili wapinzani wasizielewe. Mpango ulikuwa mzuri. Kasoro yake ilikuwa kwamba, kwa mtindo wake wa uchezaji, amri iliyohitajika ilikuwa moja tu. "Rudi!" aliita. "Rudi, rudi!" Kufikia katikati ya msimu wa pili, timu zote za daraja la kwanza zilikuwa zimejifunza neno hilo. Wanafunzi wa chuo kimoja, ambao sidhani kama hata mmoja wao amewahi kukanyaga Afrika Mashariki, walituimbia "Rudi! Rudi!" kila tulipovuka mstari wa kati, na ninasikitika kuandika kwamba beki wetu mmoja aliwatii.

Wakala alikuwa karibu kuzirai kwa hasira. "Wanatufundishia timu yetu kwa lugha yetu!" alinilalamikia. "Katibu, andika hilo!"

Nililiandika. Nilipomsomea Kocha, aliuliza jambo moja tu: beki yule aliporudi, alirudi upande gani? Upande sahihi, nilimwambia. Akaridhika.

Kocha alikuwa na desturi nyingine ambayo sijaiona kwa kocha mwingine. Mara kwa mara, katika mazoezi, alimchukua mshambuliaji mmoja, akamvika vikinga vya miguu, glavu na kofia yenye wavu wa chuma, akamsimamisha golini. Kisha aliwaamuru mabeki wasimame kando wakiwa wamekunja mikono, na akawatuma watu watatu wamwendee yule mshambuliaji kwa kasi. Alifanya hivyo kwa kila mshambuliaji, bila kumwonea huruma hata aliye hodari. Nakumbuka zamu ya kijana wetu wa Kikongo, mfungaji wetu bora, ambaye hadi siku hiyo hakuwahi kurudi nyuma isipokuwa kunywa maji.

"Kocha, hii ni kifo!" alipiga kelele kutoka ndani ya kofia. "Wenzangu wako wapi?"

"Wako mbele," Kocha akamjibu. "Wanasubiri kusifiwa."

Baada ya siku hiyo yule kijana alirudi nyuma kila tulipopoteza mpira, bila kuitwa. Wakala alisema Kocha amemharibu mshambuliaji. Mama wa golikipa wetu yeye alimletea Kocha sambusa kila Jumamosi iliyobaki ya msimu ule.

Nilipata kujua chanzo cha mambo haya ndani ya gari lake, na hapa sina budi kueleza habari ya gari. Mtu huyu, ambaye hakuruhusu pasi ndefu ipigwe ikiwa fupi ipo, aliendesha gari kama aliyechoka kuishi. Tulikuwa tukitoka pamoja Mount Dennis kwenda Downsview, ambako wakati wa baridi tulicheza ndani ya jengo kubwa katikati ya maghala, na kila mara nilifika nikiwa nimeukamata mkanda kwa mikono yote miwili. Aliyapita malori ya mizigo kushoto na kulia.

"Kocha, taratibu!"

"Barabara iko wazi, Bwana Katibu."

"Iko wazi kwa sababu wenzako wamekukimbia!"

Alicheka, akaongeza mwendo. Siku moja, tulipolazimika kusimama kwenye taa nyekundu, nilimuuliza mtu wa namna hii anapata wapi woga akishafika uwanjani. Akajigonga meno ya mbele kwa ukucha, yakatoa mlio wa kikombe.

"Haya si meno yangu," alisema. "Haya ni bao la pili."

Ndipo akanieleza. Ujanani alikuwa golikipa, kwenye uwanja wa changarawe nyekundu ambao mpira hukimbia vizuri mpaka ukutane na jiwe. Timu yake iliongoza kwa bao moja, muda ukiwa umebaki kidogo, na wenzake wote wakavutwa na hamu ya bao la pili. Wakaenda. Mpira ukapotea huko mbele, na wapinzani watatu wakaja peke yao. Aliyepiga hakukusudia kuuinua, lakini mpira uligonga jiwe ukamfika mdomoni. Kofia za wavu wa chuma hazikuwepo siku hizo, kwao angalau. Alipozinduka, watu walikuwa wakimpa pole na kumweleza kwamba mechi imeisha sare.

Habari hii nilimpelekea Wakala, nikitumaini itampoza. Haikumpoza. Alinijibu jambo ambalo, kwa haki, lazima niliandike, kwa sababu lilikuwa na uzito. "Namwonea huruma kwa meno," alisema. "Lakini hapa tunacheza juu ya zulia, Katibu! Wanalimwagia maji kabla ya mechi! Hakuna jiwe hapa toka mwaka mji huu ulipojengwa. Yule mzee anatulinda na uwanja ambao hatuchezi." Na ni kweli. Nyasi bandia za hapa hazina hila, mpira unakwenda unakotumwa, na timu inayojibana nyuma juu ya nyasi hizo inamwita mpinzani aje apige atakavyo. Tulifungwa mabao ya namna hiyo, ya kuzidiwa polepole, na kila bao tulilofungwa lilimfanya Kocha aongeze mlinzi. Nilimwambia maneno ya Wakala neno kwa neno, kwenye taa nyekundu nyingine.

Alifikiri mpaka taa ikageuka, na gari la nyuma likapiga honi. "Mwambie ana haki kuhusu jiwe," alisema. "Lakini jiwe silo lililoniumiza. Walioniumiza ni wale kumi waliokwenda."

Tayari tulikuwa tukikimbizana na lori.

Nje ya uwanja hakuwa na tahadhari yoyote ile. Ghorofa ya chini ya nyumba yake haikukaa bila mgeni. Familia kutoka Bukavu ilikaa pale majira mazima ya baridi. Vijana wa Nairobi waliokuja kusoma walikaa pale mpaka wakajua basi lipi linakwenda wapi. Aliweka saini yake kuwadhamini watu ambao hakuna mwenye nyumba aliyewataka. Mimi niliyefanya kazi ya vibali najua saini ya mdhamini inaweza kumfikisha mtu wapi, nikamuuliza kama haogopi.

"Niogope nini?" aliuliza kwa mshangao wa kweli. "Kwani hao nao watafunga?"

Na katika kila shughuli ya klabu kwenye ukumbi wa kanisa, wakati maanko wakizungumzia siasa za nchi walizozihama, Kocha alikuwa jikoni akiosha vikombe. Anti mmoja aliyesimamia chai kwa miaka mingi alimfukuza jikoni mara nyingi, akashindwa. "Mwanamume mzima, kocha wa kulipwa!" alimgombeza. "Utaniaibisha mbele ya watu." Kocha akamwomba kitambaa kikavu.

Sasa nifike kwenye kura. Msimu wa mwisho ulikuwa mbaya. Hatukufunga bao kwa majuma mengi. Tulipata suluhu, tukafungwa moja bila, tukapata suluhu, tukafungwa tena moja bila, na kicheko cha jukwaani kikakauka. Watu waliacha kumtania Kocha wakaanza kumzungumza akiwa hayupo, na hiyo ni dalili mbaya zaidi. Kwenye simu zao walitumiana picha za kobe aliyejificha ndani ya gamba. Kijana wetu wa Kikongo alianza kuondoka uwanjani bila kumuaga yeyote. Ikabaki mechi moja. Hesabu ilikuwa nyepesi: tukishinda au tukitoka suluhu, tunabaki daraja la kwanza, tukifungwa, tunashuka, na sote tulijua kwamba vijana wetu wazuri hawatakubali kushuka nasi. Klabu ingebaki ya wazee, tena wazee wenye magoti mabovu.

Jumapili kabla ya mechi hiyo kulikuwa na misa ya kumkumbuka shangazi yake Wakala, na baada ya misa, chai ukumbini. Mkutano wa klabu ulikuwa umepangwa saa hiyohiyo na humohumo, kwa sababu ukumbi ni mmoja na watu ni walewale, au ndivyo tulivyodhani. Kumbe nusu ya waliojaa mle walikuwa wamekuja kwa ajili ya marehemu: jamaa wa Mississauga, wanakwaya, mabibi ambao hawajawahi kuona gongo likishikwa. Wakala alisimama akiwa bado na tai yake nyeusi. Alizungumza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alisema anampenda Kocha kama baba. Alisema timu inakufa kwa woga. Kisha akasema wanaounga mkono Kocha apumzishwe kabla ya Jumamosi, na mechi iongozwe na mwingine, wanyooshe mikono.

Mikono ilinyooshwa ukumbi mzima. Mfiwa amewanywesha chai, amesimama na tai nyeusi, anawaomba wanyooshe mikono. Nani angebaki na mkono chini? Bibi mmoja aliyekaa mbele yangu alinyoosha mkono wake wote, wenye rozari, kisha akamgeukia jirani yake na kumuuliza kwa sauti, "Hii ni ya keki?"

Nilisimama. "Kura hii si halali," nilisema. "Katiba yetu inasema wanaopiga kura ni wanachama. Hapa wanaopiga kura ni waombolezaji."

"Katibu, wewe umetumwa!" Wakala alifoka.

"Nimetumwa na ibara uliyoipendekeza wewe mwenyewe, Anko, na ukatushukuru kwa kuipitisha."

"Mikono si umeiona?"

"Nimeiona. Naomba mkono wa kila mwanachama aliyelipa ada ubaki juu, na wageni wetu wapendwa waishushe yao waendelee na keki."

Ikawa vurugu. Mwenyekiti wa wakati ule, mtu mpole aliyeogopa sauti kubwa, alisema labda kura ihesabiwe nusu, jambo ambalo sijalisikia katika ofisi yoyote niliyopata kufanyia kazi. Watu walikuwa wamesimama, vikombe mkononi, wakizungumza kwa pamoja Kiingereza, Kiswahili na Kikonkani cha Goa. Ndipo mlango wa jikoni ukafunguka, Kocha akatoka, mikono ya sweta ikiwa imekunjwa na kitambaa cha vikombe begani. Alikuwa amesikia yote. Ukuta wa jikoni ile ni wa mbao nyembamba.

"Anti, sukari imekwisha huko," alisema kwanza. Kisha akamtazama Wakala. "Pole kwa shangazi. Alikuwa akinipa machungwa wakati wa mapumziko."

"Asante, Kocha," Wakala akasema, akaketi bila kukusudia.

"Jumamosi tunacheza," Kocha aliendelea. "Suluhu inatutosha. Niachieni hiyo mechi. Nikiipata suluhu, nitaondoka mwenyewe, maana timu haiwezi kuongozwa na mtu ambaye watu wake wanaona haya kumtazama. Nikiikosa, mtanifukuza kwa utaratibu wa Katibu, bila kuwasumbua akina mama hawa chai yao."

Hakuna aliyepinga, na hapakupigwa kura nyingine yoyote, ya mikono wala ya karatasi. Huo ndio mwisho wa suala la kufukuzwa, na niko tayari kulirudia mbele ya mtu yeyote.

Mechi yenyewe siwezi kuisifu. Nimetazama mpira wa magongo tangu nikiwa mtoto, na sijaona mwingine mbaya kama ule. Tulijipanga nyuma kama watu wanaosubiri mvua ipite. Wapinzani walipiga, tukazuia; wakapiga, tukazuia. Golikipa wetu alicheza kama mwenye mikono mingi. Wakala alikaa kimya kabisa safu ya mbele, na ukimya wake ulinitisha kuliko kelele zake zote.

Karibu na mwisho, kijana wetu wa Kikongo alinyang'anya mpira katikati ya uwanja, akatokea peke yake. Mbele yake kulikuwa na beki mmoja, na nyuma ya huyo beki golikipa, na mahali pengine pote palikuwa nyasi tupu. Jukwaa zima lilisimama. "Nenda!" tulipiga kelele, na nasema tulipiga kwa sababu nami nilipiga. "Nenda, baba, nenda!" Chini ya kelele zote, kutoka kwenye benchi, nikasikia neno moja.

"Rudi!"

Kijana akasita. Niliuona mwili wake ukivutwa pande mbili. Kisha akageuka, akaupeleka mpira pembeni, akaukinga pale kwa mwili wake wote huku wapinzani wakimpiga viwiko na sisi tukimzomea. Sisi, watu wake. Nikiwa nimesimama na mdomo wazi, niligeuka kutazama upande wa lango letu, sijui kwa nini, na nikaona kwamba beki wetu wa kushoto alikuwa amekaa chini, ameshika goti, na upande wake wote wa uwanja ulikuwa mtupu. Sidhani kama mtu mwingine jukwaani alimwona. Kama kijana angekwenda, angeweza kufunga. Kama angenyang'anywa, wangekuja watatu juu ya golikipa aliye peke yake. Sijui lipi lingetokea, na simwamini anayesema anajua.

Ikaisha suluhu. Tukabaki daraja la kwanza. Hakuna aliyepiga makofi isipokuwa golikipa wetu, aliyekuja moja kwa moja kutoka golini akiwa na vikinga vyake vyote, akamkumbatia Kocha mpaka sweta ikapotea. Kocha alinikabidhi filimbi na funguo za stoo, akanishukuru kwa ibara, akaenda kuwasha gari lake. Jumatatu hakuja mazoezini, kama alivyosema.

Aliyemfuata alishambulia. Tulifunga mabao, watu wakarudi uwanjani, na kutazama ikawa raha. Kukana hilo kungekuwa uongo. Lakini timu aliyoipokea ilikuwa ya daraja la kwanza, na washambuliaji wake walirudi nyuma bila kuitwa.

Juma lililofuata karamu niliyoitaja, nilipanda basi kwenda Richmond Hill, ambako Kocha anaishi sasa kwa binti yake. Magoti yamemkatalia ngazi na daktari amemkataza gari, jambo ambalo nadhani limeokoa maisha ya wengi. Nilimkuta sebuleni na mjukuu wake wa kike, wakitazama timu ya mji wetu, ile kubwa ya barafuni. Mtu yeyote aliyepanda teksi Toronto msimu huu anajua kilio cha mji: kwamba kocha wa timu hiyo ni mwoga, kwamba akipata bao moja anafunga milango. Kocha wetu alikuwa amesogeza kiti mpaka karibu aguse kioo cha runinga.

"Mtazame huyu!" alinilaki. "Ana bao moja, amelikalia kama kuku! Mbele! Mpelekee mbele, bwana!"

Mjukuu akamwambia kwa Kiingereza kwamba daktari amesema asipige kelele. Kocha akapiga nyingine.

Nilingoja mapumziko, kisha nikamweleza habari ya karamu.

"Alisema hivyo?"

"Alisema. Kwa kipaza sauti."

"Na watu?"

"Walipiga makofi, Kocha."

Akaikubali habari hiyo kwa kichwa. "Chakula kilikuwaje?"

"Kocha, nataka kusimama kwenye mkutano mkuu nisahihishe. Una haki hiyo. Jina lako—"

"Watoto wake walikuwepo? Wa Wakala?"

"Meza ya mbele, wote."

"Basi usisimame. Watakuwepo na huko mkutanoni. Usimfanye mtu mwongo mbele ya watoto wake kwa ajili ya mechi mbaya. Maana ilikuwa mbaya, Bwana Katibu."

"Ilikuwa mbaya," nilikiri.

"Mbaya sana."

"Lakini hukufukuzwa."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona kwamba jambo lile lilikuwa limemuuma, na lilikuwa likimuuma bado. "Sikufukuzwa," alisema polepole. "Hilo nalo ni kweli." Akamtazama mjukuu wake, kisha mimi. "Andika basi, kama itakubidi. Lakini andika kwa Kiswahili. Watoto wake hawatakisoma."

Kipindi cha mwisho kilianza. Timu ya mji ilijibana nyuma ya bao lake moja, Kocha akiwatukana kwa heshima, mimi nikimsaidia. Kisha wapinzani wakasawazisha, na uwanja mzima ukaanza kuzomea. Kamera ikamtafuta kocha wao. Alikuwa mtu wa makamo mwenye suti, akitafuna chingamu, akiwatazama vijana wake na kuinua mkono kuwaonyesha wakae walipo. Kocha wetu alikuwa amevuta pumzi tayari kwa kelele nyingine. Hakuitoa. Aliegemea kiti.

"Mama," alimwambia mjukuu wake, "hebu punguza sauti."

Mjukuu akaiondoa yote. Kuzomea kukakatika, na sisi watatu tukaendelea kumtazama yule mtu akitembea nyuma ya benchi lake, aende, arudi, mpaka wachezaji walipoanza kutoka kwenye barafu na tukaelewa kwamba king'ora cha mwisho wa kipindi kimekwisha kulia.